Kuvunjika mbavu: namna ya kutuliza maumivu na kupona vizuri

Mbavu huvunjika kwa ajali ya bodaboda, kwa kuanguka bafuni au kutoka mtini, kwa teke la ng'ombe, au kwa kipigo. Kwa wazee wenye mifupa dhaifu, hata kikohozi kikali kinaweza kuuvunja ubavu. Kwa watu wengi mfupa hujiunga wenyewe, bila upasuaji, ndani ya wiki sita hivi. Kazi yako kubwa katika wiki hizo ni kutuliza maumivu kiasi cha kuweza kuvuta pumzi ndefu na kukohoa. Ukurasa huu unaeleza kwa nini jambo hilo ni muhimu na namna ya kulifanya.

Nenda hospitali mara moja ukiona dalili hizi

- Unakosa pumzi, au hali ya kupumua inazidi kuwa mbaya.
- Unakohoa damu.
- Midomo au kucha zinageuka rangi ya bluu au kijivu.
- Sehemu ya kifua inaingia ndani wakati sehemu nyingine inatoka nje unapopumua.
- Una maumivu ya tumbo, au maumivu ya bega ambalo halikuumia. Mbavu za chini zinafunika ini upande wa kulia na bandama upande wa kushoto, na viungo hivyo vinaweza kuvuja damu ndani kwa ndani.
- Unahisi kizunguzungu, unatoka jasho la baridi au unazimia.
- Unapata homa, au makohozi ya njano, ya kijani au yenye damu, hata kama siku kadhaa zimepita tangu uumie.

Nchini Tanzania, aliyeumia kwa ajali au kwa kupigwa hutakiwa kuwa na fomu ya polisi ya PF3. Lakini kukosa pumzi hakusubiri fomu. Mgonjwa apelekwe hospitali kwanza, na ndugu mmoja ashughulikie polisi.

Kwa nini maumivu haya ni makali

Binadamu ana jozi 12 za mbavu. Nyuma zimeshikana na uti wa mgongo, na nyingi zimeshikana na kidari kwa mbele. Kila unapovuta pumzi zinapanda na kutanuka, unapoitoa zinashuka. Mkono uliovunjika huwekwa hogo ukatulia. Mbavu haziwezi kutulizwa hivyo, kwa sababu mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kila dakika. Kucheka, kupiga chafya na kujigeuza kitandani huongeza maumivu.

Mwili hujilinda kwa kupumua juu juu. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Sehemu za chini za mapafu hazijai hewa, makohozi yanatuama, na vijidudu vinapata mahali pa kuzaliana. Matokeo yake yanaweza kuwa nimonia, na kwa mzee nimonia inaweza kuua. Kwa hiyo dawa ya maumivu hapa si anasa wala dalili ya udhaifu. Mtu anayejikaza na kuvumilia bila dawa hukwepa kuvuta pumzi ndefu, na mapafu ndiyo yanayolipa.

Usifunge kifua

Zamani hata hospitalini mbavu zilifungwa kwa bandeji pana. Leo haishauriwi. Kanga, shuka au bandeji iliyokazwa kifuani hupunguza maumivu kidogo, lakini hufanya hivyo kwa kukizuia kifua kisitanuke, jambo lile lile tunalotaka kuliepuka.

Usikubali pia kukandwa kwa nguvu mahali palipovunjika. Ncha ya mfupa inaweza kusogea na kutoboa pafu. Kama mama au bibi anasisitiza kukufunga, usigombane naye. Mweleze sababu, kisha mwombe akushikie mto unapokohoa.

Hospitalini watafanya nini

Daktari atakuuliza ulivyoumia, atagusa mbavu na kusikiliza mapafu yote mawili. Unaweza kupigwa picha ya eksirei. Usishangae ikionekana safi huku ukiumwa, kwa sababu nyufa nyingi za mbavu hazionekani kwenye eksirei. Daktari anatafuta zaidi hewa au damu iliyovuja ndani ya kifua. Kama pafu ni salama, matibabu ya ubavu uliovunjika na ya ule uliopata mshtuko tu yanafanana.

Mbavu kadhaa zikivunjika, unaweza kulazwa, kupewa oksijeni au kuchomwa sindano ya ganzi inayotuliza mishipa ya fahamu ya kifuani. Upasuaji wa kuunga mbavu hufanywa kwa wagonjwa wachache.

Dawa za maumivu

Siku za mwanzo, meza dawa kwa saa ulizopangiwa. Ukisubiri maumivu yapande kwanza, huwa vigumu kuyashusha.

*Parasetamoli.* Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi anaweza kumeza vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita. Usizidishe vidonge vinane ndani ya saa 24. Angalia na dawa za mafua, kwani nyingi tayari zina parasetamoli. Kama una kilo chini ya 50, una ugonjwa wa ini au unakunywa pombe nyingi, uliza kipimo chako kwanza.

*Ibuprofeni au diklofenaki.* Zinaweza kuongezwa juu ya parasetamoli, lakini chagua moja tu kati ya hizo mbili, na imeze baada ya kula. Usizitumie bila ushauri wa daktari kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, pumu, ujauzito, umri mkubwa, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

*Kodeini au tramadoli.* Tumia tu ukiandikiwa na daktari. Zinaleta usingizi na zinaweza kupunguza kasi ya kupumua. Usinywe pombe wala kuendesha chombo chochote. Mama anayenyonyesha amwambie daktari kabla ya kuandikiwa. Dawa hizi pia hufunga choo, na kujikamua ukiwa na ubavu uliovunjika ni mateso. Kunywa maji ya kutosha, kula papai, mboga za majani na maharage.

Barafu nayo husaidia siku mbili tatu za kwanza. Ifunge kwenye kitambaa, iweke mahali panapouma kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku.

Zoezi la kupumua

Fanya kila saa ukiwa macho, hasa dawa ikishaanza kufanya kazi:

1. Kaa wima, legeza mabega.
2. Vuta pumzi taratibu kwa pua hadi kifua kijae, ishikilie kwa sekunde mbili au tatu.
3. Itoe taratibu kwa mdomo.
4. Rudia mara kumi. Ukihisi kizunguzungu, pumzika.
5. Malizia kwa kukohoa, ukiwa umekumbatia mto au kanga iliyokunjwa mahali panapouma.

Usizuie kikohozi. Acha sigara katika kipindi hiki.

Kulala, kutembea na kazi

Wiki ya kwanza lala ukiwa umeinuliwa kwa mito, nusu umekaa. Unapoamka, geukia ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Usishinde kitandani, tembea kidogo kila siku.

Kwa kawaida maumivu huanza kupungua baada ya wiki mbili au tatu. Kwa wengine uchungu mdogo hubaki miezi miwili au mitatu. Kama hauoni nafuu yoyote baada ya wiki chache, rudi ukapimwe.

Kazi ya mezani inaweza kuanza mapema. Kulima, kubeba mizigo na mpira wa miguu vingoje angalau wiki sita. Kumbuka kwamba ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Omba msaada, au chota kwa kidumu kidogo.

Watoto na wazee

Mbavu za mtoto hupinda kabla ya kuvunjika. Zikivunjika, ujue nguvu iliyompiga ilikuwa kubwa, kwa hiyo apimwe siku hiyo hiyo. Mzee naye apimwe hata kama alianguka kidogo tu, na mtu awe karibu naye kumkumbusha zoezi la kupumua.

Kama umeumizwa na mtu

Mwambie daktari au muuguzi ukiwa peke yako naye, hata kama aliyekuumiza ndiye aliyekuleta. Unaweza pia kwenda kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Ubavu utapona kwa wiki sita, lakini ukirudi mahali pasipo salama unaweza kuvunjwa mwingine.