Pampu Haivuti Mafuta, Hewa Ndiyo Huyasukuma

Wakulima, labda chama chenu cha ushirika kina tangi la dizeli ya trakta lililofukiwa ardhini, nanyi mmenunua pampu ya kujijaza yenyewe. Pampu inazunguka, kelele ni nyingi, lakini mafuta hayaji, na shamba linangoja kulimwa. Kabla ya kumlaumu muuzaji, pimeni kimo cha kutoka kwenye mafuta mpaka kwenye pampu.

Wengi hudhani kwamba pampu huvuta mafuta kama mtu avutavyo kamba. Sivyo. Pampu huondoa hewa iliyo ndani ya bomba tu. Kisha hewa ya nje, ikiyakandamiza mafuta tangini, huyasukuma yapande.

Nguvu ya hewa hiyo ina mpaka. Mombasa, karibu na bahari, huweza kuinua maji kadiri ya meta 10 tu, hata pampu iwe kubwa namna gani. Katika mashamba ya Ol Kalou na Kinangop, yaliyo juu kadiri ya meta 2,400, nguvu ya hewa hupungua kwa robo. Kwa hiyo, kibao cha pampu kikisema meta 7, kwa kawaida hicho ni kipimo cha maji baridi karibu na bahari. Huku juu toeni meta 2 na nusu.

Dizeli ni nyepesi kuliko maji, lakini msitegemee jambo hilo. Hutiririka kwa uzito zaidi, hasa asubuhi ya baridi, na bomba refu au jembamba huizuia.

Basi fanyeni hivi:

1. Wekeni pampu karibu na mafuta, isizidi meta 3 juu yake. Pimeni wakati tangi likikaribia kwisha, si likijaa.

2. Jazeni tumbo la pampu kwa dizeli kabla ya kuiwasha mara ya kwanza. Ikizunguka kavu, huharibika.

3. Kazeni viungo vya bomba. Tundu dogo likiingiza hewa, mafuta hayapandi.

4. Tundu la hewa la tangi liwe wazi.

5. Hakikisheni pampu imetengenezwa kwa dizeli. Msiitie petroli kamwe. Mvuke wake huwaka upesi.

Mkitaka mafuta yafike mbali au juu, refusheni bomba la kutolea, si la kuingizia. Kusukuma mbele ni kazi ya pampu. Kupandisha kutoka tangini ni kazi ya hewa.