Ritifaa ya Kiswahili katika Msimbo wa QR

Mnunuzi anayepewa risiti ya eTIMS dukani mjini Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, huona juu yake mraba uliojaa vidoa vyeusi na vyeupe. Mfumo huo wa ankara za kielektroniki ulianzishwa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya mwaka 2023, na mraba huo humwezesha mwenye simu kuhakiki ankara. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mraba huo unavyobeba maandishi, na mahali unapokutana na tahajia ya Kiswahili.

Msimbo wa QR ulibuniwa nchini Japani mwaka 1994. Tofauti na msimbo wa mistari, ambao husomwa kwa upana pekee, huu husomwa kwa upana na kwa wima. Mdogo kabisa una vyumba 21 kwa 21. Mkubwa kabisa una 177 kwa 177. Miraba mikubwa katika pembe tatu huiongoza kamera kuutambua msimbo hata ukigeuzwa juu chini. Vyumba vingine hubeba data na tarakimu za ziada za kusahihisha makosa. Kwa sababu hiyo, risiti iliyochanika au kuchafuka yaweza kusomeka bado: kiwango cha juu cha usahihishaji hurejesha takriban asilimia 30 ya data.

Je, herufi huingiaje humo? Ipo njia inayokubali alama 45 tu: tarakimu, herufi kubwa, nafasi na alama chache. Kila alama ina thamani yake, nazo hufungwa mbilimbili kwa biti 11. Kwa mfano, katika jina NDHIWA, N ni 23 na D ni 13; 23 huzidishwa kwa 45, kisha 13 ikajumlishwa, jawabu likawa 1048. Jina zima huchukua biti 33. Kwa njia ya baiti, ambapo kila herufi huchukua biti 8, lingechukua 48.

Hapa ndipo penye utata. Ritifaa haimo katika alama hizo 45. NG'OMBE likiandikwa lote kwa baiti huchukua biti 56, ilhali NGOMBE hutosheka na 33. Anayetaka kubana nafasi huenda akashawishika kuidondosha ritifaa. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba ng'oa ni kuondoa kitu kilichopandwa au kukazwa, nayo ngoa ni tamaa au wivu. Dholuo, lugha ya wenyeji wengi wa Ndhiwa, nayo huandika ng' kwa ritifaa.

Kwa hakika, hakuna ulazima wa kuipoteza. Msimbo mkubwa kabisa waweza kubeba hadi baiti 2,953. Biti 23 zinazookolewa katika neno moja si fidia ya kutosha kwa maana inayopotea. Anayeunda programu za ankara na vitambulisho vya Afrika Mashariki hana budi kuijua sarufi ya msimbo pamoja na tahajia ya lugha.