Uingereza: Upasuaji wa kupunguza uzito hauishii hospitalini

Raia wengi wa Uingereza wenye unene uliokithiri husafiri hadi Uturuki kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, wakikwepa foleni ndefu za hospitali za umma na gharama kubwa za hospitali binafsi nyumbani.

Katika upasuaji uliozoeleka zaidi, daktari huondoa takriban asilimia 80 ya tumbo la chakula, na sehemu hiyo hairudi tena. Baada ya siku chache mgonjwa hupanda ndege kurejea kwao. Mshono ukivuja, maambukizi yanaweza kumuua, ilhali daktari aliyempasua yuko mbali. Hospitali ya karibu hulazimika kumtibu, wakati mwingine bila kumbukumbu za upasuaji wake.

Mwongozo wa afya wa Uingereza unataka mgonjwa afuatiliwe na wataalamu kwa angalau miaka 2, kisha achunguzwe kila mwaka, kwa kuwa upungufu wa vitamini B12 na madini ya chuma huweza kujitokeza baadaye.

Hivyo, kabla ya kulipa, mgonjwa anapaswa kupata jibu la swali moja: nani atamhudumia akisharejea nyumbani?