Kituo cha Redio Sebuleni: Ruta, Kuta na Mawimbi

Katika nyumba nyingi za mijini, na katika shule kadhaa pia, kimeingia kisanduku chembamba chenye antena mbili au nne na safu ya taa ndogo za kijani. Watu hukiita ruta, na wengine hukiita waifai, kana kwamba kisanduku na mawimbi yake ni kitu kimoja. Ununuzi wake ni wa ajabu kidogo. Mnunuzi hutafuta tarakimu kubwa kuliko zote iliyopigwa chapa juu ya boksi, hulipa, kisha hukipeleka nyumbani na kukiweka pale ilipo soketi ya umeme, aghalabu sakafuni nyuma ya televisheni. Haupiti mwezi manung'uniko huanza: chumba cha mwisho hakipati kitu, video hukwama, na mwenye nyumba huamini kwamba ameuziwa kitu kibovu, au kwamba hana budi kununua kingine cha bei kubwa zaidi. Mara nyingi si hili wala si lile. Ruta ni kituo cha redio, nacho hutii kanuni zile zile za fizikia zinazofundishwa katika shule za sekondari.

Yafaa kwanza kueleza kazi yake nyingine, ambayo haihusiani na redio. Shule yenye wanafunzi mia nane huwa na Sanduku la Posta moja tu. Barua zote huingia humo, na karani ndiye ajuaye ipi ni ya nani. Hivyo ndivyo ruta ifanyavyo. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani zina biti 32, yaani jumla yake ni 2 kwa kipeo cha 32, au 4,294,967,296. Watu duniani wamekwisha kuzidi bilioni 8, na wengi wao wana zaidi ya kifaa kimoja. Kwa hiyo nyumba nzima hutumia anwani moja kwa nje, na ndani ruta hukipa kila kifaa anwani ya kienyeji, ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Hukumbuka ni simu ipi iliyoomba ukurasa upi, na jibu likirudi hulipeleka panapohusika.

Kusema kwa zamu

Tatizo la vifaa vingi kutumia hewa moja lilishughulikiwa mapema katika visiwa vya Hawaii. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu cha huko walianza kuunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio. Kila kituo kilirusha ujumbe wake wakati wowote kilipopenda. Jumbe mbili zikigongana, kila kimoja kilisubiri kwa muda wa kubahatisha kisha kikarudia. Hesabu ilionyesha kwamba kwa utaratibu huo ni kama asilimia 18 tu ya uwezo wa chaneli iwezayo kutumika vizuri. Vifaa vya leo vina adabu zaidi: husikiliza kwanza, na kama hewa ina msemaji, hungoja. Hata hivyo kanuni ya msingi haikubadilika. Katika chaneli moja, kwa kawaida, husema mmoja kwa wakati mmoja, kama katika mdahalo wa shule wenye mwenyekiti mkali. Simu kuukuu isemayo polepole hushika jukwaa kwa muda mrefu, na wengine wote hungoja.

Kikwazo cha pili kilikuwa mwangwi. Ndani ya chumba mawimbi hugonga ukuta, kabati na dari, na ujumbe mmoja hufika mara nyingi kwa kuchelewa tofauti tofauti, kama sauti ya mhubiri katika ukumbi mtupu. Dawa iliyojulikana sana ilitoka Australia, katika shirika la utafiti la CSIRO. Huko John O'Sullivan, mtaalamu wa astronomia ya redio, alikuwa na uzoefu wa hesabu alizokuwa akizitumia kutafuta mawimbi ya mashimo meusi madogo yanayolipuka. Mashimo hayo hayakuonekana, lakini uzoefu ule ulisaidia kundi lake kutatua tatizo la mwangwi wa vyumbani, na hataza yao ya Marekani ikatolewa mwaka 1996. Kiwango cha kwanza cha waifai, cha mwaka 1997, kilikuwa cha megabiti 2 tu kwa sekunde.

Kuta za nyumba

Waifai hutumia hasa masafa ya aina mbili: yale ya karibu megahezi 2,400, na yale ya kati ya megahezi 5,150 na 5,850 hivi. Mwanafunzi akigawa kasi ya nuru, mita 300,000,000 kwa sekunde, kwa megahezi 2,400, atapata urefu wa wimbi wa sentimita 12.5. Masafa ya pili yana wimbi la sentimita tano au sita. Takwimu hizi mbili zaeleza mengi ya yale yanayomsumbua mwenye nyumba.

Katika hewa tupu, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu ipokelewayo hupungua kuwa robo. Kutoka mita 2 hadi mita 8, basi, hubaki sehemu moja katika 16. Hasara hiyo kifaa hustahimili bila shida. Ukuta hufanya kazi kwa namna nyingine: huzidisha. Kama ukuta mnene wa zege unapitisha sehemu moja katika kumi, kuta mbili zitapitisha moja katika mia, na tatu moja katika elfu. Chumba kilicho mita 8 nyuma ya kuta tatu kitapata, kwa hesabu hiyo, sehemu moja katika 16,000 ya kile apatacho mtu aliyeketi mita 2 mbele ya ruta. Nyumba kubwa yenye sebule wazi huenda ikatosheka na ruta ya bei ndogo, ilhali nyumba ndogo yenye kuta nzito isitosheke na ruta ya bei yoyote.

Nyumba za kale za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe, Unguja, ni mfano mzuri. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa karibu nusu mita, na vyumba vyake ni vyembamba, kwa kuwa upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Mtu akiikata nyumba ya namna hiyo hukutana na ukuta mnene kila baada ya mita tatu hivi. Waliozijenga walitaka ubaridi na faragha, na mawimbi ya redio nayo yanaiheshimu faragha hiyo.

Wimbi fupi huzuiwa na ukuta zaidi kuliko wimbi refu. Ndiyo sababu masafa ya megahezi 5,000 na kuendelea hufaa chumba kimoja au viwili, na yale ya 2,400 hufika mbali zaidi. Lakini haya ya 2,400 yana msongamano. Nafasi yake ni finyu kiasi kwamba ni chaneli tatu tu, 1, 6 na 11, zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana. Katika ghorofa za Kariakoo, ambako simu huona ruta ishirini za majirani, tatu ni chache mno. Jiko la maikrowevu nalo hufanya kazi katika megahezi 2,450, na likivuja kidogo tu huleta kelele hewani. (Wanaohofia kwamba ruta itawapika kama jiko hilo wazingatie kwamba jiko hutumia mamia ya wati ndani ya kasha la chuma, na ruta hurusha kiasi cha sehemu ya kumi ya wati, ikiitawanya pande zote.)

Chuma na maji ndio maadui wakubwa. Jokofu, bati na kioo cha kujitazamia, ambacho kina utando wa madini nyuma yake, hurudisha mawimbi. Tangi la maji huyameza. Mwili wa binadamu pia una maji mengi, na kwa hiyo darasa lililojaribiwa likiwa tupu wakati wa likizo halitatoa majibu yale yale wanafunzi arobaini wakiketi ndani. Walimu wanaopima maabara mpya ya kompyuta walikumbuke jambo hili.

Mahali pazuri pa ruta, basi, ni katikati ya nyumba na juu, penye urefu wa kichwa cha mtu au zaidi, mbali na vyuma. Antena iliyosimama wima husambaza mawimbi kwa umbo la gurudumu lililolazwa: mengi huenda pembeni, machache juu na chini. Nyumba ya ghorofa itafaidika antena moja ikilazwa.

Ruta inayotumia laini ya simu ina mgogoro wake wa pekee. Ili kuupata mnara vizuri hutaka kukaa dirishani. Ili kuihudumia nyumba hutaka kukaa katikati. Iachwe dirishani, kisha uvutwe waya hadi kifaa cha pili kilichowekwa katikati. Waya wa kawaida wa mtandao hubeba mawasiliano hadi mita 100 bila kujali kuta. Vipo vifaa vya kurudia mawimbi bila waya, navyo huuzwa kwa sifa nyingi. Lakini kifaa cha namna hiyo chenye redio moja hulazimika kupokea kila neno na kulisema tena katika chaneli ile ile, na hivyo hula karibu nusu ya uwezo wake.

Tarakimu za boksi

Boksi huandikwa 1200, na mnunuzi hudhani atapata megabiti 1,200. Kwa kawaida tarakimu hiyo ni jumla ya 300 za masafa ya chini na 867 za masafa ya juu, ikapandishwa kidogo. Kila moja ni kipeo cha nadharia, na simu haitumii zote mbili kwa pamoja. Isitoshe, kama familia inalipia megabiti 20 kwa sekunde, mlango wa nje ni huo wa 20, hata kama ukumbi wa ndani ni mpana kiasi gani. Na megabiti 20 ni megabaiti 2.5, kwa kuwa baiti moja ni biti nane.

Kabla ya kununua ruta nyingine, yafaa kompyuta iunganishwe kwa waya moja kwa moja. Kama kwa waya kasi ni nzuri na kwa hewa ni mbaya, ugonjwa uko nyumbani. Kama hata kwa waya ni mbaya, uko nje, na huenda ukawa mbali sana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku hiyo hapakuwa na ruta ya kuiponya.

Tarakimu ambayo hakuna aitazamaye ni miaka ambayo mtengenezaji ataendelea kuirekebisha programu ya ruta. Mwaka 2016 programu ya uharibifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta za majumbani kwa kujaribu orodha ya takriban maneno 60 ya siri ya kiwandani, yale ambayo wenye nyumba hawakuyabadilisha. Mwezi Novemba mwaka huo shambulio la jamii hiyo hiyo liliwakatia mawasiliano wateja wapatao 900,000 nchini Ujerumani.

Mfano mwingine utawapendeza walimu wa hisabati. Ruta nyingi zina kitufe cha kuunganisha kifaa kwa urahisi, pamoja na namba ya siri ya tarakimu nane. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na nyingine saba, kwa hiyo ilitarajiwa kwamba mwizi angehitaji majaribio hadi 10,000,000. Mwishoni mwa mwaka 2011 ilitangazwa kwamba ruta huikagua namba hiyo kwa nusu mbili, na humwambia mjaribu kama nusu ya kwanza ni sahihi. Majaribio yakawa 10,000 kwa nusu ya kwanza na 1,000 kwa ya pili: jumla 11,000, kazi ya saa chache kwa kompyuta. Njia hiyo ya namba na izimwe, na neno la siri liwe refu.

Ruta ya wati 10 isiyozimwa hutumia uniti 87.6 kwa mwaka. Nyingi huendeshwa kwa volti 12, kwa hiyo betri ndogo yatosha kuivusha katika saa chache za kukatika umeme.

Shule yenye ruta yaweza kufanya jaribio lisilo na gharama. Wanafunzi wachore ramani ya jengo, kisha wazunguke na simu yenye programu ya kuonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Karibu na ruta watasoma kama -40, na mbali kama -80. Kila tofauti ya 10 ni mara kumi, kwa hiyo tofauti ya 40 ni mara elfu kumi. Waandike namba ya kila chumba, milango ikiwa wazi na ikiwa imefungwa, darasa likiwa tupu na likiwa limejaa. Kisha ruta ipandishwe kutoka sakafuni hadi juu ya kabati la mbao, na vyumba vyote vipimwe upya.