Kutu Iliyo Chini ya Rangi

Nyumba nyingi za nchi yetu hazikosi kitu kikuukuu kilichosimama uani kikingoja siku yake: baiskeli isiyo na mnyororo, cherehani iliyokwama, au motokaa iliyoota majani. Kwetu Ndama, katika wilaya ya Karagwe, kitu hicho kilikuwa ni gari la Land Rover, lile fupi la inchi 88. Tulilinunua mwaka 2023 kwa bei ya chuma chakavu. Lilikuwa limesimama miaka mingi chini ya mparachichi, kuku wakitaga juu ya kiti cha dereva, na mgomba umechomoza mbele ya bampa. Miongoni mwetu hapakuwa na fundi. Mmoja wetu alijua kusafisha plagi ya pikipiki, na huo ndio uliokuwa ujuzi wetu wote.

Yafaa kwanza tueleze gari hili ni la namna gani. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam, mwezi wa Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na huko Uingereza feleji iligawiwa kwa kipimo, lakini alumini ilikuwa tele. Kwa hiyo waundaji wakafanya sehemu kubwa ya bodi kwa alumini, na fremu iliyo chini, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa gari, wakaifanya kwa feleji. Gari letu ni la aina iitwayo Series III, iliyotengenezwa tangu 1971 hata 1985.

Basi hapo ndipo ulipo mtego. Alumini hailiwi na kutu kama chuma, na kwa hiyo gari huweza kuonekana zima kwa miaka hamsini. Lakini fremu ina uwazi ndani kama sanduku refu. Matope na maji huingia kwa matundu yake na kukaa humo, na kutu huila kutoka ndani kuja nje. Bodi hukaa iking'aa, na huku mifupa inaoza.

Sisi hatukuyajua hayo. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa injini, kwa sababu injini ndiyo yenye sauti, na kijana hupenda kusikia sauti. Tuliosha kabureta, tukabadili mafuta, tukarudisha nyaya za plagi kwa mpangilio wa 1, 2, 3, 4 kama tulivyofundishwa kuhesabu. Injini ikakohoa na kupiga mizinga hata mbuzi wa jirani wakakata kamba. Fundi mmoja mzee aliyepita njiani akacheka, akatwambia kwamba injini hii huwaka kwa zamu ya 1, 3, 4, 2. Tulipozigeuza nyaya, ikanguruma. Siku ile hatukula chakula cha mchana kwa furaha. Juma lililofuata tukalipaka gari rangi ya kijani, na fremu tukaipaka rangi nyeusi nzito, pasipo hata kuikwangua.

Kisha ikaja siku tusiyoweza kuisahau. Tulitaka kufungua gurudumu moja la nyuma. Tukavuta breki ya mkono, tukainua gari kwa jeki, na mdogo wetu wa miaka kumi na minne akajilaza chini kuokota nati iliyoanguka. Alipotoka tu, gari likajongea, jeki ikalala, na ngoma ya breki ikazama katika udongo pale pale kilipokuwapo kichwa chake. Mama yetu alitoka jikoni akaona. Hakugomba. Alimshika mtoto mkono, akaingia naye ndani, na kwa siku tatu hakuuliza habari za gari.

Tulimwendea yule fundi mzee, naye akatufafanulia. Katika gari hili breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika shafti inayopeleka nguvu nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile lililo hewani huweza kuzunguka upande mmoja, na lile lililo chini likazunguka upande mwingine, na gari likaondoka ingawa breki imevutwa. "Watoto wangu," akasema, "jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia. Wekeni vigingi mbele na nyuma ya magurudumu, na magogo mazito chini ya fremu, ndipo mwingie." Kisha akaomba nyundo ndogo, akaanza kuigonga ile fremu tuliyoipaka rangi. Mahali palipo pazima palilia kama kengele. Karibu na springi za nyuma palitoa sauti ya debe bovu. Akasukuma bisibisi, nayo ikazama hata mpini.

Kabla hatujajua la kufanya, akaja mnunuzi kutoka Kyerwa. Alikuwa mtu mzima, mkulima wa kahawa, aliyetaka gari la kuteremshia magunia na kupelekea wajukuu wake shule wakati wa mvua. Akaizunguka rangi yetu ya kijani, akaisikiliza injini, akataja bei iliyokuwa mara tatu ya gharama zetu zote. Mmoja wetu akanong'ona: "Hakuuliza habari za fremu. Asiyeulizwa hasemi uongo."

Baba yetu alikuwa ameketi barazani. Akatukumbusha habari ijulikanayo na kila mtoto wa madrasa, ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono wake katika lundo la nafaka, akakuta unyevu chini ya ile iliyo kavu, akamlaumu mwenye mali kwa kuuficha. Hakuongeza neno. Tukaona ya kuwa lundo lile liko uani kwetu, nasi ndio tuliolifunika kwa mikono yetu. Tukamwendea mgeni tukamwambia: "Mzee wetu, kabla hujatoa fedha, shika nyundo hii, uiname nasi hapa chini." Aligonga, akasikia. Akatutazama kitambo, akatushukuru, akaenda zake na fedha zake.

Kazi yetu ya kweli ilianza siku ile, nayo ilichukua miezi tisa. Kwa ajili ya vijana watakaojaribu kazi kama hii, twaandika hapa utaratibu ambao tungalitamani tuambiwe mapema.

Kwanza ni vigingi na magogo, kama tulivyokwisha kusema. Pili ni nyundo na bisibisi: ikagueni fremu yote kabla ya kununua hata plagi moja, kwani pengine mtaona haifai kuendelea. Palipooza hapatoshi kubandikwa bati juu ya kutu. Hukatwa mpaka kwenye feleji nzima, ndipo pakachomelewa kipande kipya. Sisi tulimpa kazi hiyo mchomeleaji wa Kayanga, baada ya kuondoa betri na kuliweka tangi la petroli mbali kabisa. Tatu ni breki. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa yakaharibika hata kama gari halitembei, na mafuta ya injini yakichanganywa humo huvimbisha mipira yote. Tena vumbi la breki za zamani huweza kuwa na asbestosi, iletayo maradhi ya mapafu. Lisipulizwe, bali lifutwe kwa kitambaa kilicholowana. Nne ni nyaya za umeme, na tano ni injini. Rangi ni ya mwisho.

Mwezi wa Oktoba 2024 magari ya Land Rover yalikusanyika kwa wingi mjini Arusha katika tamasha lao, na vijana wengi wakatamani kuwa nayo. Tamaa hiyo si mbaya. Kufufua kitu kilichotupwa ni kuepuka israfu, na mikono hujifunza mengi. Lakini gari si pambo. Ni amana ya roho za watu watakaopanda na watakaopita njiani, hasa katika nchi ya vilima kama yetu.

Leo gari letu lateremka kilima na magunia ya kahawa, na likikanyagwa breki lasimama. Yule mzee wa Kyerwa hakulinunua. Alirudi baadaye akiendesha pikapu aliyoipata kwingine, akaisimamisha uani kwetu, akasema: "Vijana wangu, leteni ile nyundo."