Sungura wa Bibi Potter, na Kazi ya Kuwaandikia Watoto

Katika nchi zetu hadithi za watoto ni mali ya mabibi na mababu. Husimuliwa usiku, kazi za mchana zikiisha, wala hapana aulizaye ni nani aliyezitunga. Kwa sababu hii watu wengi, na walimu miongoni mwao, hudhani kwamba kuandika kitabu cha watoto ni jambo jepesi, kazi ya mtu aliyekosa kazi iliyo kubwa zaidi. Ili dhana hii ipate kupimwa, yafaa tutazame maisha ya mtungaji mmoja wa Uingereza, Bibi Beatrix Potter, ambaye kitabu chake cha Sungura Peter kimeuzwa nakala zaidi ya milioni 40, na kufasiriwa katika lugha nyingi za dunia. Kwanza tutaeleza jinsi alivyofanya kazi yake, kisha jinsi sungura wake alivyo na udugu na sungura wetu.

Bibi huyu alizaliwa London tarehe 28 Julai 1866, katika nyumba ya watu wenye mali. Desturi ya wengi wa matajiri wa zamani zile ilikuwa mtoto wa kike asipelekwe shule, bali aletewe mwalimu mwanamke nyumbani. Hivyo Beatrix hakuwa na wenzi wa kucheza nao ila ndugu yake mdogo, Bertram. Wawili hao walifuga sungura, panya, vyura, popo na kalunguyeye, wakawatazama siku zote na kuwachora. Mnyama alipokufa, waliweza hata kumchemsha ili waone jinsi mifupa yake ilivyoungana. Ndiyo sababu sungura wa picha zake, ajapovaa koti, ni sungura kweli: akikaa hukaa kama sungura, na akiogopa huogopa kama sungura.

Tangu mwaka 1881 hata 1897 aliandika habari za siku zake kwa herufi za siri alizozibuni mwenyewe. Hapana aliyeweza kuzisoma mpaka mwaka 1958, alipotokea Bwana Leslie Linder akavumbua ufunguo wake. Tena alichunguza uyoga kwa bidii nyingi, akaandika maelezo juu ya jinsi mbegu zake zinavyoota. Tarehe 1 Aprili 1897 maelezo hayo yalipelekwa mbele ya chama cha wataalamu kiitwacho Linnean Society, lakini ilibidi mwanamume ayapeleke, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria mikutano yake. Miaka 100 baadaye, mwaka 1997, chama hicho kilikiri kwamba hakikumtendea ipasavyo. Basi mtu aliyeitwa mtungaji wa vitabu vidogo alikuwa kwanza mtazamaji mkubwa wa viumbe.

Hadithi ya Sungura Peter haikuanza kama kitabu. Tarehe 4 Septemba 1893 Bibi Potter alikuwa Scotland, akataka kumpelekea barua mtoto wa mwalimu wake wa zamani, jina lake Noel Moore, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Alipokosa habari ya kumwandikia, alimtungia hadithi ya sungura wadogo wanne, akaipamba kwa picha. Yule mtoto aliitunza barua yake. Miaka saba hivi ilipokwisha pita, Bibi Potter aliiazima, akainakili, akaiongeza, akaifanya kitabu. Hapa pana jambo la kuangaliwa: hadithi hii haikuandikwa kwa ajili ya “watoto” tu, neno lisilo na uso, bali kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye mwandishi alimjua jina na umri na maradhi yake.

Aliipeleka kwa wapiga chapa kadha wa kadha, wote wakaikataa. Wengine walitaka kitabu kikubwa zaidi. Yeye alikataa, kwa kuwa alitaka kitabu kienee katika mkono wa mtoto, na bei yake iwe nafuu. Aliona kwamba wasomaji wadogo hawawezi kutoa shilingi 6 kwa kitabu kimoja. Mwishowe alitoa fedha zake mwenyewe, na katika Desemba 1901 akapigisha chapa nakala 250. Hazikutosha, akaongeza nyingine 200 katika Februari 1902. Ndipo kampuni ya Frederick Warne ilipokubali kukichapisha, kwa sharti kwamba picha zote zitiwe rangi. Kilitoka Oktoba 1902, nakala 8,000, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimepigwa chapa nakala 28,000.

Juu ya namna yake ya kuandika, Bibi Potter mwenyewe alieleza kwamba kwanza huandika ovyo, kisha hukata maneno, kisha huandika tena na tena, maana aliona kuwa maneno machache na dhahiri ndiyo bora. Tena, alipohisi kwamba lugha yake imelegea, alisoma Agano la Kale ili ainyoshe. Kila asomaye habari za Yusufu na ndugu zake ataelewa maana yake: sentensi fupi, jambo moja likifuata jingine, wala hakuna neno la kujionyesha.

Lakini ufupi si umaskini wa maneno. Katika kitabu chake cha mwaka 1909, kinachosimulia habari za watoto wa sungura waliolala kwa shibe ya mboga, alitia mwanzoni kabisa neno gumu lenye asili ya Kilatini, maana yake “chenye kuleta usingizi”. Angeweza kuliepa, wala hakuliepa. Alijua kwamba mtoto hupenda neno kubwa kama apendavyo kujaribu kofia ya babaye: haijamfaa bado, lakini humpa hamu ya kukua. Vilevile hakuwaficha watoto jambo la kutisha. Katika kurasa za kwanza za Sungura Peter mama anawaambia wanawe wasiingie bustani ya Bwana McGregor, kwa kuwa baba yao alipatikana humo, akaokwa ndani ya andazi la nyama. Jambo hilo husemwa mara moja, kwa upole, kisha hadithi huendelea.

Kazi hii ilikuwa pia biashara, nayo biashara ina hila zake. Katika Marekani kitabu hakikuandikishwa ili kulinda haki ya mtungaji, na watu wengine wakakipiga chapa wasimlipe kitu. Mwaka 1903 Bibi Potter alimshona mwanasesere wa Sungura Peter kwa mkono wake, akamwandikisha serikalini ili asiibiwe tena. Mwaka 1917 mmoja wa wakubwa wa ile kampuni alifungwa kwa kosa la kughushi hati, na kampuni ikawa karibu na kuanguka. Yeye akatoa kitabu kingine ili kuisaidia kusimama.

Wala hakukosa huzuni. Mwaka 1905 Bwana Norman Warne, aliyesimamia vitabu vyake katika kampuni hiyo, alimposa. Wazazi wake Beatrix hawakupendezwa, kwa kuwa mposaji alikuwa mtu wa biashara. Naye alikubali hata hivyo. Haukupita muda mwingi Bwana Norman akaugua, akafa tarehe 25 Agosti mwaka ule ule. Katika mwaka huo Bibi Potter alinunua shamba la Hill Top, kaskazini ya Uingereza, na miaka iliyofuata ndiyo aliyotunga vitabu vyake vingi vilivyo bora. Mwaka 1913 aliolewa na mwanasheria, Bwana William Heelis, akazidi kuingia katika kazi ya shamba na kufuga kondoo wa asili ya nchi ile. Alipokufa tarehe 22 Desemba 1943, aliacha ekari zaidi ya 4,000 kwa chama cha National Trust ili zihifadhiwe kwa faida ya watu wote. Nchi hiyo ilinunuliwa, kwa sehemu kubwa, kwa fedha za sungura.

Sasa tuje kwa sungura wetu. Yule Peter si wa namna moja na sungura wa mbugani kwetu: yeye ni wa jamii ichimbayo mashimo, na wa kwetu hujilaza majanini tu. Lakini katika hadithi wana udugu. Waafrika waliochukuliwa utumwani Marekani walikwenda na hadithi zao za sungura mjanja. Huko Georgia mwandishi wa magazeti, Joel Chandler Harris, alizisikia kwa watumwa, na tangu mwaka 1880 akazitoa katika vitabu vya Mjomba Remus. Bibi Potter alivisoma, na kabla ya kutoa kitabu chake cha kwanza alizichorea picha baadhi ya hadithi hizo. Hata neno lenye kuiga sauti ya mwendo wa sungura, lililomo katika kitabu chake, limo katika zile za Harris. Maneno ya namna hii sisi tunayo tele: mtu huanguka majini chubwi, mzigo huanguka pu, nguo huwa nyeupe pe. Mwandishi wa watoto ayaachaye ameacha chumvi nje ya chungu.

Tofauti ipo pia. Sungura wetu hushinda kwa akili, na msikilizaji humcheka simba. Peter hashindi, huponea chupuchupu, koti na viatu vyake vikabaki bustanini, akarudi kwa mamaye akiwa mgonjwa. Sungura wetu humfundisha mnyonge jinsi ya kuishi kati ya wakubwa. Peter humfundisha mtoto kwamba amri ya mama ina sababu.

Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alitoa kitabu cha hadithi za Kiswahili kama alivyozisikia kwa watu wa Unguja, na kwa hiyo zingali zikisomwa. Ngapi zilizosimuliwa siku zile zile katika vijiji vingine zimezikwa pamoja na wazee waliozijua! Kuziandika kunataka mtu wa namna ya Bibi Potter: amtazame mnyama hata amjue, amwandikie mtoto anayemfahamu kwa jina, akate maneno bila huruma, afikiri bei itakayowezwa na mzazi maskini, asikate tamaa akikataliwa. Udongo upatize ungali maji. Na mwalimu anayetaka kuanza asingoje mpiga chapa. Mtoto mgonjwa yupo kila kijiji, na karatasi moja yatosha kwa barua.