Kompyuta Iliyomeza "Si" Yetu



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini kadi za matangazo ya Kiswahili zilifika Kanengo Jumapili usiku badala ya Jumamosi asubuhi, hali mikataba ya msimu ilikuwa itiwe sahihi Jumatatu. Ni swali la haki. Tunalijibu kwa urefu kidogo, maana jambo lenyewe laweza kumpata mtu yeyote anayetumia kompyuta kupeleka neno la wafanyakazi.

Tangazo lilikuwa na sentensi moja kubwa: "Msitie sahihi mkataba kabla ya kusomewa kwa lugha mnayoielewa." Mengine yote yalikuwa maelezo ya sentensi hiyo. Ijumaa alasiri, kadi zikiwa tayari mezani, mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa amekuja kwa shughuli zake alisikiliza kwa simu, akasimama, akauliza: "Wazee, hapa mnatuambia tutie sahihi kabla ya kusomewa?" Tukarudia kusikiliza. Kweli. Sauti ilikwama kidogo pale mwanzoni, silabi ya "si" ikaliwa, na kilichobaki kilikuwa "Mtie sahihi mkataba kabla ya kusomewa." Kiswahili chetu kinakataa kwa silabi moja tu. Ukiitoa hiyo, chama kinasema maneno ambayo mwajiri mbaya angependa sana kuyasikia yakitoka kinywani mwetu.

Na si kwamba msikilizaji angeweza kukisia. Wanaosikiliza kadi hizi ni watu wa Karonga, Watanzania, na ndugu zetu wa Kongo na Burundi. Kati yao mkimbizi ndiye mwenye hatari zaidi. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 katika mwaka 1987, lakini iliweka vizuizi vyake, kikiwamo kile cha haki ya kazi ya mshahara na kile cha kutembea na kukaa mahali popote nchini. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini. Mtu wa namna hiyo akitia kidole kwenye karatasi asiyoielewa, ofisi ya kwenda kulalamika haoni iko wapi.

Tunarekodi Dzaleka, wilaya ya Dowa, kwa sababu ndiko waliko wasemaji wa Kiswahili na ndiko waliko mafundi. Kutoka Lilongwe ni kilomita arobaini na kitu: unapanda minibasi ya barabara ya M1 iendayo Kasungu, unashuka njia panda ya Dowa, kisha unatafuta gari jingine au baiskeli ya kabaza. Wazee wa Malawi wanalijua jina hilo tangu zamani, maana Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa siasa enzi za Banda. Kambi ilianzishwa mwaka 1994. Ilikusudiwa watu elfu kumi hivi, nayo leo ina zaidi ya 50,000. Lakini muziki upo, na tangu 2014 kuna tamasha la Tumaini, kwa hiyo vijana wanaojua kazi ya sauti hawakosekani.

Chumba tunachotumia kina kompyuta ambayo vijana waliiunda wenyewe. Ubao wake mkuu ni wa bei nafuu, na prosesa yake ni Xeon ya viini 12 iliyokwisha kufanya kazi katika mitambo mikubwa ya ofisi huko ng'ambo, ikauzwa kama mtumba. Ndani yake waliweka macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, kwa kuwa programu ya kurekodia waliyofundishwa ni ya mfumo huo, na kompyuta yenyewe ya Apple bei yake hawaiwezi. Hatulifichi jambo hili: leseni ya Apple inaruhusu macOS kuwekwa kwenye mashine za Apple peke yake, na kampuni ya Psystar ya Marekani, iliyokuwa ikiuza kompyuta za namna hii, ilishindwa mahakamani mwaka 2009. Tutalirudia neno hilo mbele.

Sasa, ugonjwa. Mashine hii ilikuwa inaanza vizuri, kisha kwa saa nyingine sauti inashikwa na kigugumizi: inakwama, inatoa kelele kama ya mahindi yanayokaangwa, inaendelea, inakwama tena. Ijumaa ile kila mmoja alikuwa na mshitakiwa wake. Mmoja alisema ni umeme, kwa kuwa ulikuwa umekatika mara mbili siku hiyo. Mwingine alisema ni waya wa maikrofoni. Wa tatu alisema ni msomaji wetu, anasoma mbiombio kama mnadi wa tumbaku. Na mmoja alitaka tufute kila kitu tuanze upya, shauri ambalo hutolewa na mtu asiyetaka kufikiri.

Fundi wetu, kijana wa Uvira, aliwanyamazisha wote kwa upole. Alisema: tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila badiliko liandikwe. Tuliokwisha kukaa kwenye kamati za malalamiko tunaijua kazi hiyo.

Kwanza alitaka kujua kigugumizi kiko wapi. Alicheza rekodi ileile kwenye simu mbili tofauti, nayo ilikata palepale kwenye "si". Basi kosa lilikuwa ndani ya rekodi, spika hazikuhusika. Kisha alimsikiliza msomaji kupitia kisanduku cha maikrofoni moja kwa moja, kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta. Ilikuwa safi. Waya ukaachiwa huru, na msomaji pia.

Hapa inafaa tueleze kidogo namna kompyuta inavyoshika sauti. Haipokei sauti kama maji ya bomba. Inaipima vipande vipande, kwa mpangilio wetu mara 48,000 kwa sekunde, na vipimo hivyo huwekwa kwenye akiba ndogo kama majani ya chai yanavyokusanywa kapuni kabla ya kupelekwa kwenye mizani. Akiba ya vipimo 128 hujaa kwa muda usiofika elfu tatu za sekunde. Mchukuzi akichelewa, kapu linafurika na kinachomwagika hakirudi. Akiba ya 1,024 inampa mchukuzi elfu ishirini na moja za sekunde, ila msomaji atajisikia mwenyewe kwa kuchelewa kidogo. Fundi alipandisha kutoka 128 hadi 1,024. Mikwamo ilipungua, haikuisha.

Akafungua Audio MIDI Setup, programu iliyomo ndani ya macOS, aone kama kisanduku na programu ya kurekodia vinapima kwa kasi moja. Kimoja kikipima mara 44,100 na kingine 48,000, ugomvi hauna budi kutokea. Vilikuwa sawa. Akafungua Activity Monitor aone kama prosesa imeelemewa. Kazi yote haikufika hata robo ya uwezo wake. Mtu anayechoka utamwona anahema. Huyu hakuwa anahema.

Wenye mashine za namna hii mara nyingi hushuku tundu za USB, na wana sababu. Tangu 2015 macOS huhesabu tundu 15 tu kwa kila kidhibiti, na tundu moja la USB 3 huhesabiwa mara mbili. Ubao wenye tundu nyingi usipopangiwa vizuri, kifaa cha sauti chaweza kuachwa nje ya hesabu au kuwekwa mahali pabaya. Basi fundi alichomoa kisanduku cha USB kabisa, akatumia tundu la sauti lililo kwenye ubao wenyewe. Njia nyingine, programu nyingine ya kuiendesha. Kigugumizi kilekile.

Hapo ndipo tulipoanza kumwelewa. Kiwandani, ikiwa mistari miwili yenye wasimamizi tofauti inapunjwa mshahara kwa namna ileile, huendi kugombana na wasimamizi. Unakwenda kwenye ofisi inayowalipa wote wawili. Je, njia hizi mbili za sauti zilikuwa zikitumia nini kwa pamoja?

Jibu lilitoka kwenye daftari. Binti anayetunza chumba huandika saa ya kila rekodi, na saa za umeme kukatika, kwa sababu katika dakika hizo mashine hulazwa usingizi ili kutunza betri. Tulipoweka orodha mbili pamoja, kila rekodi mbovu ilikuwa imefanywa baada ya mashine kuamshwa usingizini. Mashine ikizimwa kabisa na kuwashwa, rekodi njema. Aliyeshitaki umeme alikuwa karibu na ukweli, ila umeme wenyewe haukuharibu kitu. Kilichoharibu ni usingizi.

Kila kiini cha prosesa kina kihesabio chake cha muda. Kompyuta za Apple huhakikisha kwamba vihesabio vyote vinasoma namba moja, na macOS inaliamini hilo bila kuuliza. Kwenye ubao wetu wa mtumba, mashine ikiamka, viini vingine huamka na hesabu yao. Basi kazi ya sauti ikihama kutoka kiini hiki kwenda kile, muda unaruka mbele au unarudi nyuma. Hebu fikiria zamu ambayo kila mtu ana saa yake na hakuna king'ora: mmoja anafunga mlango hali mwenzake anajua bado dakika kumi.

Dawa ni programu ndogo iitwayo CpuTscSync, ambayo huvilinganisha vihesabio hivyo mashine inapowaka na inapoamka. Huwekwa kwenye folda ya OpenCore, kile kianzishi kinachowezesha macOS kuwaka kwenye mashine isiyo ya Apple, na huandikwa kwenye orodha yake baada ya Lilu, kwa kuwa inaitegemea hiyo. Kabla ya kugusa chochote fundi alinakili folda nzima kwenye flashi na kuhakikisha kwamba mashine inaweza kuwaka kwa flashi hiyo. Tunalisisitiza hili, kwani mstari mmoja ukikosewa mashine haiwaki kabisa. Wala usiazime folda ya rafiki mwenye ubao tofauti, ni kama kuazima miwani yake.

Jumamosi usiku mashine ililazwa na kuamshwa mara sita, tukarekodi kila mara. Hakuna silabi iliyopotea. Jumapili msomaji alisoma upya, kadi zikanakiliwa, minibasi ya mwisho ikazichukua.

Tulisema tutarudi kwenye leseni. Vijana wenyewe wameamua kuhamia Linux na programu ya kurekodia ya Ardour, ambazo mtu anaruhusiwa kuzitumia kwenye mashine yoyote. Sheria ni sababu moja. Nyingine ni kwamba Apple ilitangaza mwaka 2025 kuwa macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa prosesa za Intel, kwa hiyo njia hii inafika ukingoni. Linux yenyewe hukagua vihesabio hivyo, na ikiona havilingani huviacha ikatumia saa nyingine iliyo kwenye ubao.

Kwa sasa hakuna kadi inayotoka Dzaleka kabla ya watu wawili kuisikiliza yote, maandishi yakiwa mkononi, na mmoja wao awe hakuwapo wakati wa kurekodi. Yule mama wa Bukavu amekubali kuwa mmojawapo, na nauli yake inalipwa na chama. Yeyote mwenye kadi ya msimu wa nyuma inayokwamakwama ampe mwakilishi wa tawi lake, irekodiwe upya bila malipo.